Kabla ya Siku ya Majaribu

Kwenye misiba yetu kuna neno ambalo halikosi wa kulitamka: kwamba Mungu amewapitisha wafiwa katika tanuru ili imani yao ikomae. Wafiwa huitikia amina, maana pale si mahali pa kubishana, na anayesema husema kwa nia njema. Lakini neno hilo, likiachwa hivyo hivyo, halina ukweli wa kutosha. Wako waliopita katika tanuru hilo hilo wakatoka wamemsusia Mungu mpaka leo. Wodi moja, ugonjwa mmoja, vitanda viwili vinavyopakana: huyu anaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na sala mdomoni, yule akiwa na kinyongo. Kama mateso yenyewe ndiyo yanayokomaza imani, nchi za Maziwa Makuu zingekuwa zimejaa watakatifu kwa jinsi zilivyoteseka. Ninachotetea hapa ni kwamba jaribu halijengi. Linamkuta mtu na alichokwisha kujengewa, kisha linakitumia au linakibomoa. Kazi ya kujenga hufanywa siku ambazo hakuna kinachotokea, kwa mambo yasiyo na mvuto: kusali saa ile ile, kusoma Maandiko hata pale yanapochosha, kufunga, kuungama kosa kwa mtu anayekufahamu, kurudisha cha watu. Ushahidi nautafuta katika kumbukumbu za Wakristo waliopimwa kwelikweli, wengi wao wa huku kwetu.

Tuanze Buganda. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadre Weupe, walifika kwa mfalme wake, Kabaka Mutesa, Februari 1879. Mkuu wao, Lavigerie, alikuwa ameweka sharti zito: mtu asibatizwe kabla ya kumaliza miaka minne ya mafundisho. Miaka minne haikutimia. Novemba 1882 mapadre wakafungasha, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo, na hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa muda wote huo waongofu wa Kikatoliki hawakuwa na padre wala Misa. Kwa hesabu ya kawaida kundi lile lingetawanyika. Mapadre waliporudi waliwakuta wasomaji, kama waongofu walivyoitwa, wengi kuliko wale waliowaacha. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa amewafundisha vijana wa ikulu, na kule Mityana Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Nuwa Mawaggali walikuwa wameijenga jumuiya yao. Walikuwa wamepewa utaratibu wa kufuata wakaufuata, basi. Upande wa Waanglikana mambo yalikwenda vivyo hivyo kwa njia ya kusoma: Alexander Mackay alikuwa na mashine ya kuchapia, na kwa kuwa Kiswahili kilieleweka barazani kwa Mutesa, vipande vya Maandiko alivyoanza navyo vilikuwa tafsiri ya Askofu Steere wa Zanzibar. Mtu aliyetaka kuwa Mkristo alikaa chini akaanza na herufi.

Kisha likaja jaribu. Mwanga alirithi kiti mwaka 1884, na Januari 1885 vijana watatu Waanglikana wakauawa. Novemba mwaka huo Balikuddembe akakatwa kichwa, kwa sababu alithubutu kumkemea Kabaka juu ya kuuawa kwa Hannington, askofu wa Waanglikana. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Mei 1886, huko Munyonyo, vijana wa ikulu walijua kesho yao itakuwaje. Karoli Lwanga, aliyekuwa msimamizi wao, akawabatiza wale waliokuwa bado wanafunzi, Kizito wa miaka kama 14 akiwa mmoja wao. Wakatembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo, wakakaa pale siku kadhaa huku kuni zikikusanywa, mpaka tarehe 3 Juni. Tunayajua ya siku zile kwa sababu Denis Kamyuka na wenzake wawili walisamehewa dakika ya mwisho, wakaishi kusimulia. Katika masimulizi hayo kinachonishangaza zaidi ya moto ni zile siku za kungoja. Vijana walisali sala walizozoea kusali, na mmoja wao, Mbaaga Tuzinde, aliendelea kukataa ingawa mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa jamaa yake na alimbembeleza akubali tu kufichwa. Hapo hapakuwa na nafasi ya kubuni ujasiri papo hapo. Kijana wa umri ule, amefungwa mikono, akiwa na njaa na hofu, hutumia kile ambacho ulimi wake umekwisha kukariri.

Nikiishia hapo nitakuwa nimefanya kile ambacho vitabu vingi vya dini hufanya, yaani kufunga ukurasa panapopendeza. Ukurasa unaofuata haupendezi. Septemba 1888 Wakristo na Waislamu waliungana kumwondoa Mwanga, mwezi mmoja baadaye Waislamu wakawafukuza Wakristo, Wakristo wakakusanya nguvu wakarudi kwa vita, na tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wao kwa wao pale Mengo, bunduki ya Maksimu ya Mwingereza Kapteni Lugard ikiwa upande mmoja. Baada ya hapo vyeo vya uchifu viligawanywa kwa madhehebu. Waliopigana walikuwa kizazi kile kile cha Namugongo: ndugu na marafiki wa waliochomwa, watu waliojificha porini, watu waliokuwa na kila sababu ya kusafishwa na mateso kama mateso husafisha. Walipokuwa wasomaji wanaowindwa walikuwa wanafunzi. Walipopata bunduki na mashamba wakawa vyama. Silaumu kwa wepesi, maana mambo ya ikulu yalikuwa na siasa zake tangu kale na wageni walichochea, ila ninakataa kusema kwamba moto wa 1886 uliwafanya Wakristo wa Buganda kuwa bora moja kwa moja. Miaka sita tu ilitosha kuonyesha vinginevyo.

Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini, ulilipata somo hili mapema zaidi. Mwanzoni mwa karne ya tatu mji huo ulikuwa na mashahidi wake wa kujivunia, na mwandishi wake Tertullian alihakikisha wanakumbukwa. Ikafuata amani ya kizazi kizima. Mwaka 250 amri ya Kaisari Decius ilipotoka, kila mtu alitakiwa kutoa sadaka kwa miungu mbele ya tume na kupewa hati ya kuthibitisha. Hati kama hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimechimbuliwa Misri. Askofu Cyprian anaeleza kwa uchungu jinsi waumini wa Karthago walivyokimbilia wenyewe kabla hata ya kukamatwa, wengi kiasi kwamba jioni iliwakuta bado kwenye foleni, maofisa wakawaambia warudi kesho, nao wakaomba sana wasiahirishwe. Hakuilaumu dhiki. Alisema amani ndefu ilikuwa imelaza nidhamu: watu walikuwa wakikusanya mali, sala zilikuwa zimepoa, maaskofu wenyewe walikuwa wakizunguka masokoni kutafuta faida. Kumbukumbu za mashahidi wa zamani zilikuwepo na sikukuu zao ziliadhimishwa, na hazikumsaidia aliyekuwa amesimama kwenye foleni ile.

Kwa hiyo swali la maana ni nidhamu ya namna gani humsaidia mtu, na hapa nadhani Afrika Mashariki ina jibu la kujivunia. Septemba 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa hoi baada ya njaa kali na kazi ya hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyefanya kazi ya afya serikalini. Wakakaa pamoja siku mbili juu ya kilima cha Namirembe, wakisoma Biblia na kusali. Kutokana na mizizi kama hiyo ukakua uamsho wa Walokole ulioenea Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wengi huukumbuka kwa nyimbo na machozi, na ndiyo maana hawauelewi. Kilichoubeba kwa miongo ni ushirika wa kila wiki: kundi dogo, Biblia imefunguliwa, na mtu anasema alikotelezea tangu mkutano uliopita. Mambo aliyataja kwa majina yake. Aliyeiba blanketi la hospitali alilirudisha. Aliyekuwa na kinyongo na mwenzake alikwenda kwake kabla ya kuja kwenye sala. Mzungu alitakiwa kuungama kiburi chake mbele ya Mwafrika, jambo lililowaudhi wakubwa wengi wa enzi ile. Kikao kama hicho kinachosha na kinaaibisha, na kwa kweli wakati mwingine kilikuwa na udaku ndani yake. Lakini kilimzoesha mtu jambo moja gumu: kusema ukweli wenye gharama mbele ya watu wanaoweza kumdharau.

Miaka ikapita, na zoea hilo likapelekwa mbele ya Rais Idi Amin wa Uganda. Janani Luwum alikuwa mwalimu wa shule Acholi alipookoka Januari 1948 katika uamsho huo, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda. Februari 1977 askari wenye silaha walivamia nyumba yake usiku wakidai kutafuta bunduki. Maaskofu wakajibu kwa barua ya wazi kwa rais, wakitaja mauaji na uonevu kwa majina yake. Tarehe 16 mwezi huo Luwum akakamatwa pamoja na mawaziri wawili. Kesho yake redio ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari, na hapakuwa na aliyeamini. Ukiisoma hatua ile ya maaskofu kama tendo la kishujaa lililozuka ghafla, utakuwa umekosea. Mtu aliyekaa miaka 29 katika duara ambamo kosa hutajwa kwa jina hawezi kwa urahisi kuandika barua ya kumsifu muuaji.

Rafiki yake Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, aliyewahi kufundisha shule Dodoma kwa miaka mingi, alingoja nje siku ile Luwum alipokamatwa mpaka akafukuzwa. Siku chache baadaye yeye na mkewe Mera wakavuka milima usiku kwenda Rwanda. Kitabu alichoandika mwaka huo huo, ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin, kimewakera wengi, na mimi naelewa kwa nini. Lakini wanaokerwa na jalada mara nyingi hawakufika katikati, anapokiri kwamba uhamishoni alianza kuoza kwa chuki: kila habari mpya ya mauaji ilimkausha, na alihisi sala zinapungua uzito. Kilichomgeuza kilikuwa ibada. Ijumaa Kuu ya 1977 alikwenda katika kanisa la All Souls, London, akakaa kama muumini yeyote kusikiliza tafakari za maneno ya Yesu msalabani, na alipofika kwenye ombi la msamaha kwa wale waliokuwa wakigongomea misumari, akaona kwamba hawezi kumwondoa Amin katika ombi hilo. Mazingatio ya Ijumaa Kuu alikuwa ameyasikia mara nyingi maishani, na mwenyewe alikuwa ameyahubiri. Mwaka ule yalimkuta. Hapa jaribu, likiachwa lifanye kazi peke yake, lilikuwa linamharibu mtu mwema, na kalenda ya kanisa, ambayo wengi wetu tunaiona kama mazoea matupu, ikamrudisha.

Atakayepinga hoja yangu hana haja ya kwenda mbali, kwa kuwa Kivengere huyo huyo anampa silaha. Tarehe 10 Februari 1973 wanaume watatu walipigwa risasi hadharani uwanjani Kabale. Askofu aliruhusiwa kuzungumza nao kabla ya kifo, akakuta nyuso zenye amani, na mmoja wao akamweleza kwamba alimpokea Kristo akiwa mahabusu, baada ya kukamatwa. Miaka ya mafundisho alikuwa nayo wapi? Na yule mnyang'anyi wa Injili, aliyeomba akumbukwe akiwa tayari msalabani, alifunga lini? Hili ni pingamizi la kweli na sitalizunguka. Neema si mshahara, na Mungu akimpa mtu katika saa moja kile ambacho mwingine alikipata kwa miaka 40, hakuna aliyeibiwa. Ila angalia ni nini hasa kinathibitishwa. Kinathibitishwa kwamba imani inaweza kuzaliwa gizani. Hakithibitishwi kwamba giza ndilo lililoizaa, kwa sababu wengi waliokuwa katika mahabusu zile za Amin hawakutoka na nyuso za namna ile. Tena mtu anayejiwekea mpango wa kuokoka saa ya mwisho ameshageuza neema kuwa bima, na sijaona mahali popote katika Injili ambapo mnyang'anyi yule anatolewa kama mfano wa kupanga maisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni Rwanda ya 1994. Nchi ya Gahini, nchi ya uamsho, ambako karibu watu tisa kati ya kumi walijiandikisha kuwa Wakristo, iliua mamia ya maelfu ya raia wake katika muda wa siku zipatazo 100. Waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, na baadhi ya waliokuja na mapanga walikuwa wamesali katika makanisa hayo hayo. Rozari, Misa, kwaya, mikutano ya uamsho, vyote vilikuwepo. Nidhamu ilisaidia nini? Jibu langu ni kwamba kilichohesabiwa pale kilikuwa mahudhurio. Kanisa lililokuwa karibu na ikulu kiasi kwamba Askofu Mkuu wa Kigali alikaa miaka mingi katika Kamati Kuu ya chama tawala lilikuwa limeacha zoezi moja tu, lile la kusema kosa kwa jina, na likabaki na mengine yote. Mafundisho ya kikabila yalikaa shuleni na maofisini miongo mitatu bila kuungamwa. Walakini hata humo humo mazoea ya kweli yalionekana. Felicitas Niyitegeka, Mhutu aliyekuwa amejiweka wakfu na kuishi Gisenyi, aliwavusha wengi kwenda Goma, na ndugu yake, kanali wa jeshi, alipotaka kumwokoa, alimwandikia kwamba hawezi kuwaacha watu aliokuwa nao. Waliuawa pamoja mwezi Aprili. Simulizi lake halifuti Nyarubuye. Linaonyesha tu kwamba maisha ya sala yaliyoambatana na kuwahudumia watu wasiochaguliwa kwa kabila yaliwezekana, na kwamba yalizaa kitu tofauti.

Pingamizi la tatu limetoka kwetu pwani, na ni la juzi. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Kufunga ni nidhamu, na tazama ilikowafikisha. Baada ya Shakahola, mzazi akiona binti yake anaanza mfungo wa siku 21 bila kusema yuko na nani, ana haki ya kuuliza. Nami nasema aulize, na kundi lolote linalochukia kuulizwa likimbiwe. Tofauti kati ya Shakahola na ushirika wa Walokole haiko kwenye ukali wa kufunga. Kule Gahini aliyeongoza naye aliungama, mbele ya wote, na aliweza kukosolewa na mpishi wa hospitali. Msituni alikuwepo mmoja anayesema na wengine wote wanaotii. Walokole nao walipoanza kusahau jambo hilo, makundi ya wakali yalijitenga na kuwahesabia wenzao dhambi kwa mavazi na madeni, na joto likageuka sheria. Nidhamu isiyomruhusu mtu wa chini kumhoji wa juu si ya Kikristo, hata iwe na aya ngapi.

Wapo pia wanaohubiri kwamba jaribu ni laana ya kuvunjwa kwa mafuta na sadaka, na kwamba anayeteseka ana kasoro ya imani. Sina mengi ya kuwaambia. Luwum aliuawa, Lwanga alichomwa, na hakuna anayethubutu kusema kwamba imani yao ilipungukiwa. Ninaloliona la haki zaidi ni lalamiko la mama muuza samaki anayeamka saa tisa usiku kuwahi mnadani feri: saa ya tafakari ataitoa wapi? Ni kweli vitabu vingi vya maisha ya kiroho vimeandikwa na watu wenye milango ya kufunga. Lakini Mulumba na Banabakintu walikuwa watu wenye familia na kazi za kichifu, wakitembea zaidi ya kilomita 50 kutoka Mityana kwenda misheni na kurudi na fundisho la kuwagawia wenzao. Sala fupi ya kila siku ndani ya daladala, ikisaliwa kweli kila siku, ina uzito kuliko mkesha mmoja wa mwaka, na jumuiya ndogo ndogo za mtaani hukutana baada ya kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Bado kuna walioanguka, na hao ni wengi kuliko mashahidi katika kila dhiki iliyoandikwa. Hapo Karthago inarudi kuwa mwalimu. Dhiki ya Decius ilipopita, waliotoa sadaka walitaka kurudi kanisani, na kule Rumi Novatian akasema wasipokewe kamwe. Cyprian na maaskofu wa Afrika wakaamua kwamba watapokewa, ila kwa njia ya toba iliyopimwa, kila mmoja kwa hali yake. Muda si mrefu fununu za dhiki nyingine zikaanza, na baraza lile lile likafupisha toba zote zilizokuwa zimebaki, likawaruhusu waliotubu kula Meza ya Bwana mara moja, kwa kuwa haikuwa haki kumpeleka mtu kwenye jaribu la pili akiwa na njaa. Hata aliyeongoza uamuzi huo hakuwa amesimama mwaka 250: Cyprian alijificha, akaliongoza kanisa kwa barua, na wapo waliomcheka kwa hilo. Miaka iliyofuata haina tukio moja kubwa lililomgeuza. Ina barua nyingi, michango ya kuwakomboa mateka wa Numidia, na tauni iliyoujaza mji maiti, akawapanga waumini kuwahudumia wagonjwa wakiwamo wapagani waliowatesa. Mwaka 258 amri ya kifo ilipomfikia alikuwa nyumbani kwake, marafiki wakimsihi akimbie. Tarehe 14 Septemba akasimama mbele ya liwali, akajibu maswali kwa maneno machache, akaagiza muuaji wake apewe sarafu 25 za dhahabu.